Kunyoa au kutonyoa singa za farasi: namna ya kuamua ukiwa kando ya Ziwa Victoria

Farasi si wengi Mwanza, na ndiyo maana mwenye farasi huku hupata shida kumpata mtu wa kumuuliza. Bwana mifugo wa kata amezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Jirani naye atakupa maneno aliyoyasikia Arusha au Dar es Salaam, kwenye hali ya hewa nyingine. Kwa hiyo vuli ikianza, farasi akianza kusugua shingo kwenye nguzo ya banda mpaka singa, zile nywele ndefu za shingoni, zinakatika na kubaki vishungi visivyo na mpango, watu wanakimbilia mkasi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa farasi anayeishi karibu na ziwa, jibu la kuanzia ni hapana, mpaka ngozi yenyewe ikupe sababu. Singa unazikata kwa nusu saa. Kurudi kulala shingoni kama zilivyokuwa huchukua mwaka mzima, na mara nyingi hukaribia miwili. Fuata hatua hizi kabla hujakata chochote.

Hatua ya 1: Jua unanyoa kwa sababu gani

Kuna sehemu duniani ambako kunyoa ni kawaida, na kuna sababu. Farasi wa polo hunyolewa singa zote ili zisinase kwenye fimbo na hatamu mchezaji anapogeuka kwa kasi. Norway wana farasi wao wa aina ya Fjord, ambao singa zao zina mstari mweusi katikati na nyeupe pembeni. Huzikata zikasimama kwa umbo la mwezi mchanga ili rangi mbili zile zionekane. Uingereza farasi wanene wa kupandwa huenda kwenye maonyesho shingo ikiwa imenyolewa, ili unene wake uonekane.

Hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayomhusu farasi anayepandisha watoto sikukuu au kumbeba bwana harusi. Wa kwako ananyolewa kwa sababu ipi? Nikiuliza hivyo, majibu ninayopata ni manne: anajikuna, anaona joto, singa zimefungamana kwa uchafu, au anaonekana vibaya. Kila jibu lina njia yake, na matatu kati yake yana dawa isiyohitaji mkasi.

Halafu kuna la tano ambalo halisemwi: farasi ni wa nani? Kama wewe ni mtunzaji tu, usiguse singa bila ruhusa ya mwenyewe. Mnunuzi au mpiga picha wa harusi anaangalia singa kabla ya miguu.

Hatua ya 2: Elewa kazi ya singa

Farasi akitikisa shingo, singa zinafukuza nzi mahali ambapo mkia haufiki. Mvua ikinyesha, maji yanateremkia kwenye singa na kudondoka badala ya kukaa juu ya ngozi. Jua la huku, digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, linapiga singa kwanza kabla ya kufika kwenye ukosi. Na mtoto aliyepandishwa juu akiyumba, kitu cha kwanza anachoshika ni kile kishungi cha mbele ya tandiko. Ukinyoa, kazi zote hizo inabidi uzifanye wewe.

Hatua ya 3: Mpeleke kivulini, fungua singa, angalia ngozi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu. Mshikaji amshike kichwa, wewe simama ubavuni karibu na bega. Anzia mabegani ukipanda kuelekea utosini. Gawa singa kwa vidole viwili, upana wa kidole kimoja kila mara, na uangalie shina la unywele. Usitazame juu juu. Gusa, nusa, kwangua kidogo kwa ukucha.

Nywele zilizokatika fupi fupi, ngozi nene yenye mikunjo na vigaga, na shina la mkia likiwa katika hali hiyo hiyo: hapo fikiria usubi. Ni mzio wa mate ya usubi, wale wadudu wadogo wa milimita moja hadi tatu wanaouma alfajiri na jioni. Farasi mwenye mzio huu hujisugua hadi damu.

Mkia peke yake umechakaa na shingo ni nzima? Tatizo huenda ni minyoo ya sehemu ya haja kubwa, ambayo humfanya ajisugue makalio. Kunyoa shingo hapo hakuna maana yoyote. Anahitaji dawa ya minyoo.

Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yenye unga mkavu, na hajikuni sana: hao ni fangasi, na wanaambukiza binadamu. Nawa mikono kwa sabuni, tenga brashi na kamba zake, na usiingize mashine ya kunyolea hapo hadi apone, kwa sababu utawasambaza shingo nzima na kuwapeleka kwa mnyama anayefuata.

Vigaga vilivyonata na nywele, ambavyo ukiving'oa vinatoka na kishungi na kuacha ngozi yenye unyevu: hayo ni maambukizi ya bakteria yanayopenda masika na banda linalovuja. Chawa utawaona kwa macho wakitembea, na mayai yao yameng'ang'ania unywele. Kupe hujificha chini kabisa ya singa, nyuma ya masikio na chini ya mkia.

Niliwahi kuitwa Buswelu kumwangalia farasi jike mwekundu ambaye mtunzaji wake alikuwa tayari ameshika mkasi. "Kaka, hizi nizitoe tu, anateseka." Nikamwambia amlete kwanza kivulini tumfungue shingo. Upande wa kulia, pale singa zinapolalia, chini kabisa tulikuta kupe walioshiba, wa kijivu, wamejipanga kama shanga kwenye uzi, na kila mmoja amezungukwa na uvimbe mdogo wa moto. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa safi. Tuliwatoa kwa kibanio, mmoja mmoja, tukivuta taratibu bila kuwaminya tumbo, tukapaka dawa ya vidonda. Singa zilibaki. Kujikuna kulikwisha.

Ukikuta usaha, harufu mbaya, au ngozi iliyovimba na kuwa ya moto, acha kila kitu na umwite daktari wa mifugo. Mwanza kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Daktari anaweza kuchukua vigaga vikapimwe badala ya kubahatisha dawa.

Hatua ya 4: Shughulika na mdudu kabla ya unywele

Kama ulichokuta ni usubi, sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wa ziwani wanapomuumiza farasi kwa nia njema. Kunyoa hakuondoi muwasho. Muwasho unatokana na kuumwa, na shingo iliyonyolewa inaumwa kirahisi zaidi. Ukinyoa bila kumkinga na usubi, umemfungulia mlango.

Usichanganye pia wadudu. Yale mawingu meusi yanayoinuka juu ya ziwa kama moshi na kuja kujaa kwenye taa za nyumba hayaumi. Yanakera, yanaingia puani, lakini si hayo yanayomkunisha farasi. Usubi unazaliana kwenye tope lenye kinyesi: pembeni mwa hori la maji linalovuja, kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, kwenye ukingo wa matete. Kwa hiyo:

- Mwingize bandani kuanzia saa 11 jioni, umtoe baada ya saa 2 asubuhi, jua likishapanda.
- Zoa kinyesi kila siku na ukipeleke mbali na banda. Ziba hori linalovuja.
- Weka feni kama umeme upo. Usubi ni dhaifu wa kuruka. Upepo wa kawaida tu unaushinda.
- Wakati wa kulisha nje, chagua mwinuko unaopigwa na upepo wa ziwa, si bondeni kwenye matete. Mwanza haina uhaba wa vilima.
- Ukiweka neti dirishani, jua kwamba tundu za chandarua cha kawaida zinapitisha usubi. Inatakiwa neti ya tundu ndogo zaidi, au iliyotiwa dawa.

Kuna sababu kubwa kuliko muwasho ya kufanya haya yote. Usubi ndio unaobeba virusi vya homa ya farasi ya Afrika, ugonjwa unaoweza kuua farasi wengi sana kati ya wanaoupata, baadhi ndani ya siku chache tu. Punda milia hukaa na virusi hivyo bila kuugua, na sisi ni majirani wa Serengeti: lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Ukiona farasi ana homa kali, amevimba kwenye vishimo vya juu ya macho, anahema kwa shida au anatoa povu puani, suala la singa limekwisha. Piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo, na wizara ya mifugo lazima ijulishwe. Kuhusu chanjo, muulize daktari mapema kabla ya mvua, si baada.

Sasa dawa za kupulizia. Duka la pembejeo litakupa dawa ya kuogeshea ng'ombe, na muuzaji atakuambia mnyama ni mnyama. Soma chupa kwanza. Kama kiambata ni amitraz, irudishe. Dawa hiyo ni ya kawaida sana kwa kupe wa ng'ombe, lakini kwa farasi na punda inaweza kusimamisha utumbo. Chakula kinakwama, tumbo linauma, na anaweza kufa. Rafiki zangu wafugaji, ninawaomba hili mlikariri na mlifundishe vijana wenu. Dawa za permethrin hutumika kwa farasi, kwa kipimo atakachokupa daktari.

Permethrin nayo ina sharti lake: ni sumu kali kwa samaki. Usimwogeshe farasi ziwani baada ya kumpulizia, na wala usimwage maji ya ndoo yaliyobaki kwenye mfereji unaoteremka kwenda ziwani. Watu wa Igombe na Luchelele wanakula kutoka kwenye maji hayo. Na hata bila dawa, kumwogesha farasi ziwani ukiwa umesimama majini magotini ni kujitafutia kichocho, bila kutaja mamba. Chota maji, muogeshe juu, nchi kavu.

Hatua ya 5: Jaribu njia ya kati

Kama shida ni joto au singa kufungamana, usinyoe. Suka. Dada yeyote anayejua kusuka mabutu atakuonyesha kwa dakika tano. Lowanisha singa kidogo, gawa mafungu ya upana wa vidole vinne, suka kila fungu kuelekea upande mmoja, funga mwisho kwa uzi laini. Shingo inapata hewa na unaweza kuona ngozi yote. Usikaze shinani, ukikaza, inavuta, inawasha, naye atajisugua mpaka aikate. Fumua mara kwa mara, chana, acha ipumzike. Alfajiri na jioni, nzi na usubi wanapokuwa wengi, ni vizuri awe amefumuliwa au yuko bandani, kwa sababu singa zilizosukwa hazipigi nzi.

Zilizofungamana kwa matope na mbegu za majani zinazonata, paka mafuta ya nazi usiku, kesho yake fungua kwa vidole kuanzia nchani kwenda juu. Inachosha. Inafanya kazi.

Njia nyingine ni kunyoa kipande kidogo tu nyuma ya masikio, mahali ukanda wa hatamu unapokaa. Upana wa vidole vitatu au vinne unatosha. Hapo ndipo jasho na ukanda husagana na singa, na kipande hicho kinyolewe tu bila wasiwasi, hata kwa farasi wa maonyesho. Kama kidonda kiko sehemu moja, punguza hapo hapo ili dawa ifike, uache kwingine kote.

Hatua ya 6: Sasa amua

Ninakubali kunyoa shingo nzima katika hali tatu. Ya kwanza, vidonda vimeenea na daktari anataka dawa ifike kwenye ngozi kila siku. Ya pili, amejisugua mpaka nusu ya singa haipo, zilizobaki zimesimama ovyo, na tayari umeshaudhibiti usubi. Hapo kunyoa kunazipa nafasi ya kuota pamoja. Ya tatu, zimefungamana zikawa bonge gumu lisilofunguka na ngozi chini yake inaoza. Nje ya hizo, suka.

Na kama sababu zako ni za nusu nusu, huna uhakika? Subiri mvua zipite. Kati ya Juni na Septemba ardhi imekauka, usubi umepungua, na shingo iliyo wazi haiteseki sana. Mtu anayenyoa Novemba, katikati ya vuli, amechagua mwezi mbaya.

Kuhusu punda, maana punda ndio wengi kanda yetu: singa zao ni fupi na zinasimama zenyewe, kama za punda milia. Kwa kawaida hazihitaji kunyolewa. Punda mwenye kidonda ukosini mara nyingi anaumizwa na nira ya ng'ombe aliyofungwa kuvutia mkokoteni. Hana nundu ya kuizuia, kwa hiyo inamsaga. Mtengenezee mkanda mpana wa kifuani, avute kwa kifua. Ukimnyoa bila kubadilisha nira, kidonda kitaongezeka.

Hatua ya 7: Ukinyoa, nyoa hivi

Muogeshe siku moja kabla, akauke kabisa. Uchafu unaharibu meno ya mashine na singa mbichi hazikatiki. Mashine ya saluni ya kunyolea watu haifai kwa shingo nzima: inachemka upesi, inang'ata. Na ukiitumia hata mara moja kwa farasi, isirudi kwenye kichwa cha mtu. Tafuta mashine ya kunyolea wanyama, ya betri ikiwezekana, ili usiwe na waya karibu na kwato.

Usimfunge kwa kamba fupi. Mtu anayemjua amshike, asimame upande ule ule uliopo wewe, ili akiruka arukie upande usio na mtu. Washa mashine ukiwa mbali, asikie. Sogea. Weka kiganja chako shingoni, kisha mgongo wa mashine juu ya kiganja chako, ausikie mtetemo kupitia kwako. Akitulia, endelea, akitetemeka na kutoa macho, zima na urudie kesho. Hakuna harusi inayostahili farasi aliyeogopeshwa.

Kata kwanza kwa mkasi mpaka ubaki urefu wa vidole vitatu. Mshikaji amwinamishe kichwa ili ukosi unyooke na ngozi ikaze. Anza juu ya mabega, pitisha mashine katikati kuelekea masikioni, kisha upande mmoja, kisha wa pili. Kama anapandwa na watoto, acha kishungi mbele ya tandiko. Kila baada ya muda mfupi gusisha meno ya mashine nyuma ya mkono wako. Ikikuchoma wewe, inamchoma yeye. Zima, tia mafuta, subiri ipoe.

Singa za paji la uso ziache, zinakinga macho. Nywele za ndani ya masikio ziache, zinazuia hao hao wadudu. Masharubu ya mdomoni na kuzunguka macho usiyaguse kabisa: ndiyo anayotumia kupapasia chakula na vitu asivyoviona. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, tangu Julai 2021 haliruhusu farasi aliyenyolewa hayo kushindana, isipokuwa daktari ameyaondoa kwa ajili ya matibabu. Mkia nao usifupishwe. Sasa hivi ndio silaha pekee aliyobakiwa nayo.

Hatua ya 8: Baada ya kunyoa

Mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu, maana vipande vya nywele vilivyobaki vinawasha. Fagia sakafu kabla hajarudishiwa majani. Wiki za kwanza mweke kivulini kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, hasa kama ngozi yake ni ya waridi. Kagua shingo kila jioni kwa kiganja, ukitafuta kupe na vivimbe, na usilegeze hata kidogo utaratibu wa Hatua ya 4.

Ukitaka abaki amenyolewa, utarudia kila wiki tatu au nne. Ukitaka ziote, jiandae kwa miezi ambayo zitasimama kama brashi, na usishawishike kuzikata tena. Zikifika urefu wa kuanza kulala, zilowanishe kila asubuhi na uzichane upande mmoja. Zikigoma, zisuke kulegea upande huo, fumua jioni, rudia kesho yake mpaka zizoee.